Alichofuata Mume Wangu Kwenye Kelele

Kabla ya sinema kuja, kiwanja kilichopakana na ua wetu kilikuwa depo ya makala, makaa ya kupikia. Vumbi jeusi liliingia mpaka kwenye chumvi, lakini palikuwa kimya. Kisha mwenye depo akahamia upande wa Mahagi, na kiwanja kikachukuliwa na bwana mmoja aliyekuwa akinunua dhahabu kule Bambu mpaka barabara zilipoharibika kwa vita na biashara ikamshinda. Alileta mbao, mabati na maturubai, akajenga ukumbi mrefu usio na dirisha hata moja. Akaingiza mabenchi, televisheni kubwa, jenereta, na spika mbili za kimo cha mtu. Katika mtaa wetu wa Bunia hakuna aliyeiita sinema. Tuliiita Video, kama vile ni jina la jirani mpya.

Mimi ni mshonaji. Mashine yangu iko barazani, na nikiketi mgongo wangu unaelekea ukuta wa Video. Kuanzia mchana mpaka jua linapozama, filamu zote zilipitia mgongoni mwangu. Sikuziona hata moja, lakini nilizijua zote, kwa sababu palikuwa na mfasiri, mtu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeshika mikrofoni na kueleza kwa Kiswahili kila kilichosemwa na wale wageni wa kwenye picha. Vikombe vilitetemeka kabatini. Uzi ukikatika sikusikia. Niligundua nikiwa nimekwisha kupitisha mguu mzima wa suruali chini ya sindano tupu. Wateja walinipigia vipimo vyao kwa kelele, na mtaa wote ukajua viuno vya wake za watu.

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa bibi mmoja ambaye sote tulimwita Koko. Alikuwa amekimbia vita kutoka Djugu, akapokewa na binti yake. Siku Video ilipoweka filamu ya vita kwa mara ya kwanza, Koko alitoka na kigodoro chake kimefungwa kamba, akasimama njiani akiwauliza wapita njia watu wanakimbilia upande gani. Binti yake alimrudisha. Kesho yake akatoka tena. Akili yake ilikuwa sawa kabisa. Alituambia yeye anajua ni picha tu, ila miguu yake haijui.

Tulimwendea mwenye Video, sisi wanawake wa pale karibu. Alituwekea viti, akatusikiliza, akasema sauti ndiyo kibao chake, mtu anayepita barabarani ataingiaje asiposikia kitu. Hata hivyo alikubali tuna haki, akaingia ndani mwenyewe, na sauti ikashuka. Tulipofika kwenye milango yetu ikapanda tena. Mtu mwenye adabu namna ile, anayekubali kila kitu na hatekelezi hata kimoja, nilimwona ana jambo analoficha.

Lakini huyo alikuwa mtu wa mbali. Aliyenishangaza zaidi alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wetu wamekwisha kukua na kwenda zao, kwa hiyo nyumbani tulikuwa tumebaki wawili. Alikuwa mtu asiyeweza kelele. Nikiweka sufuria chini kwa kishindo alinitazama juu ya miwani yake, na redio aliisikiliza kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa naye karibu sikuambulia neno. Siku aliponiambia kwamba atapita Video baada ya kazi, nilifikiri amechoka kama sisi na anakwenda kulalamika. Alirudi jioni, uso wake umelegea kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Nikamwuliza kama wamekubali kupunguza. Akasema picha ilikuwa nzuri.

Akaenda tena siku iliyofuata, kisha ikawa desturi. Jirani akimlalamikia habari ya makelele, aliitetea Video. Alisema heri vijana wakae mule kuliko kukaa njia panda.

Jioni moja nilipokuwa nasonga bugali nilimwuliza wameonyesha nini. Niliuliza vivi hivi tu, maana ile filamu nilikuwa nayo kichwani yote. Mfasiri alikuwa ameeleza, kwa sauti ya kupasua mabati, jinsi tajiri mmoja alivyomtupa mwanawe mchanga, na jinsi mtoto yule alivyokua akaja kuwa mlinzi kwenye nyumba ya baba yake, wawili hao bila kujuana. Mwishoni baba alilia, na mimi nikashona mkono wa blauzi kinyume kwa sababu ya machozi. Mume wangu alichovya tonge kwenye sombe, majani ya muhogo, akasema ilikuwa habari ya tajiri na mlinzi mwizi. Mlinzi alikamatwa, akasema, na tajiri akafurahi mpaka akalia.

Nikaacha kula. Mtu aliyekaa mule ndani hawezi kukosa kujua kwamba wale walikuwa baba na mwana. Mfasiri alilirudia jambo hilo mpaka Koko naye akalijua, na Koko hakuwa hata akisikiliza. Basi mume wangu hakukaa mule ndani. Alikaa wapi?

Tangu hapo nikaanza kuokota. Zamani simu yake ililala mezani, ikilia yeyote aliyekuwa karibu aliipokea. Sasa ilikaa kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, imewekwa itetemeke tu. Mtu akipiga, aliitoa, akaitazama, akaiacha mpaka inyamaze, kisha akatoka uani na kuanza kuandika ujumbe. Nilimwona kupitia mlango, ameinama, vidole vinakwenda, na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo. Nilipomwuliza kwa nini hapokei kama watu wote, alisema kuandika ni rahisi zaidi.

Kisha kanisani. Tangu tulipooana tulikaa benchi lile lile upande wa kushoto, chini ya picha ya kituo cha njia ya msalaba ambapo Yesu anaanguka. Jumapili moja alinipita akaenda kukaa mbele kabisa upande wa kulia, karibu na kwaya na spika zao. Alisema anataka kumwona padri vizuri. Misa nzima niliwatazama wanawake wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta ni yupi anayeimba bila kuangalia kitabu.

Na nyumbani alianza kunijibu kombo. Nilimwambia kaka yake amepiga kutoka Kasenyi, akanijibu kwamba hana njaa sana, atakula baadaye. Nilimwambia bati la jikoni linavuja, akasema watoto wa siku hizi hawajui hesabu. Sikuwaza kwamba hakunisikia. Niliwaza kwamba ananikwepa, kwamba kichwa chake kiko pengine, kwa mtu mwingine.

Nina rafiki anayeuza samaki wa chumvi wanaotoka Tchomia. Samaki wake wakiisha huja kupumzika kwenye benchi langu la wateja, na huyo ndiye niliyemweleza. Alinisikiliza akiwa anajipangusa magamba kwenye mikono, kisha akasogea mpaka mdomo wake ukagusa kilemba changu, kwa sababu Video ilikuwa imefungulia sauti.

«Mwanaume akibadilisha benchi kanisani, akaficha simu, akapenda makelele, huyo iko na mutu,» alisema. «Makelele ni mulango. Mule ndani mutu anaongea na mutu, na hakuna mwenye atasikia.»

Nilimwuliza mtu gani. Hakunitajia, aligeuza macho tu kuelekea mlango wa Video, pale alipokaa mjane mmoja na karai lake la mafuta akikaanga mikate. Nikajiona mjinga kwa kutomfikiria mapema. Alikuwa mwanamke safi, mnyamavu, na kila aliyeingia Video alipita mbele ya goti lake.

Nilimwalika. Nilimwambia nimebakiwa na kitambaa kizuri na ningependa kumshonea blauzi. Alikuja na furaha yote, akavua kitenge cha juu, akanyoosha mikono. Nilimpima taratibu kuliko ninavyopima mtu yeyote, nikitafuta sijui nini, labda alama, labda harufu ya sabuni yetu. Nikamwuliza biashara inaendaje, na wateja wake ni watu wa namna gani, na kama walimu nao huingia.

«Mwalimu ni mutu ya heshima,» alisema. «Lakini haongeake na mutu. Hata ukimusalimia hajibu, anacheka tu.»

Nilizungusha kamba ya kupimia shingoni mwake na nikasahau kusoma namba. Mume wangu, ambaye hawezi kupita mbele ya mbwa bila kumtakia asubuhi njema, eti hajibu salamu. Niliona ni uongo uliotayarishwa. Mwanamke anayetaka kuficha jambo ndiye atakayesema kwamba hawasemeshani. Blauzi yake niliishona, na niliishona vizuri, ila nilibana kwapa kidogo.

Baada ya hapo nilikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, pamoja na wanawake wengine, tukapeleka malalamiko juu ya Video. Nilisema ni kwa ajili ya Koko, na ilikuwa kweli, nilimwonea huruma. Lakini moyoni nilitaka ule ukumbi ufungwe, mabati yang'olewe, nione mume wangu atakwenda wapi baada ya kazi.

Shefu alituita wote uani kwake Jumamosi moja alasiri. Tuliongea kwa zamu. Binti ya Koko alieleza habari za kigodoro na kamba. Mwenye Video alisimama, kofia mkononi, akakubali kila neno kama kawaida yake. Halafu mume wangu akaomba nafasi. Alisema vizuri, kama anavyosema darasani: kwamba Bunia imejaa vijana waliokimbia vijiji vyao na hawana pa kukaa, kwamba ukiwafungia mlango mmoja watu wabaya watawafungulia mwingine. Watu wengine walianza kutikisa kichwa kukubali. Shefu alikuwa amekaa pembeni yake, si mbele yake. Akamkatiza, nusu kwa mzaha.

«Mwalimu, ule bwana amekupa nini?»

Mume wangu aliona watu wamegeuka kumtazama shefu, naye akageuka, akatabasamu.

«Ndiyo, shefu,» alisema. «Asante.»

Kicheko kilichopasuka pale nakisikia mpaka leo. Rafiki yangu wa samaki alijificha uso kwa kitenge. Mume wangu alicheka pamoja na watu, akakaa, akafuta miwani. Mimi nilitazama chini. Mtu anaulizwa mbele ya mtaa kama amenunuliwa, anaitika na kushukuru. Niliona kiburi, na nikaona pia kwamba kumbe jambo lenyewe ni kubwa kuliko mjane: mwenye Video na mume wangu walikuwa na mapatano. Shefu alimaliza kwa kusema atakuja mwenyewe Jumatano kusikia hizo kelele kwa masikio yake, ndipo akate shauri.

Njiani nilimfuata nyuma nikimwambia maneno makali, yale ambayo mke anayasema akiwa na hakika. Aliendelea kutembea, mikono nyuma, akitazama mawingu.

Sikungoja Jumatano. Jumatatu alasiri niliacha suruali ya mteja chini ya sindano, nikajifunga kitenge kingine, nikazunguka ua mpaka mlango wa Video. Mjane alikuwa mahali pake, karai linachemka, naye akanisalimia. Hilo lilinivuruga, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumweka ndani, kwenye giza, kando ya mume wangu. Nikasukuma blanketi lililokuwa badala ya mlango.

Sauti ya mule haikuingia kwa masikio. Iliingia kifuani na kwenye meno. Ilikuwa filamu ya bunduki, na mfasiri alikuwa akipiga kelele juu ya bunduki, na mabati yalikuwa yakipiga kelele juu ya mfasiri. Nilishika nguzo mpaka macho yalipozoea giza. Ukumbi ulijaa vijana, na wazee kadhaa, na hakuna aliyezungumza kama watu wanavyozungumza. Mtu akitaka kitu alimgusa mwenzake begani. Waliulizana kwa vidole, wakajibizana kwa nyusi. Aliyekuwa na neno refu alibandika mdomo kwenye sikio la mwingine, na yule alitikisa kichwa hata kama hakuelewa.

Mume wangu alikuwa benchi la mbele, mwishoni, ameegemea spika. Peke yake. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelala juu ya ubao wa spika, vidole vimetandazwa, kama mtu anayemgusa mtoto kuona kama ana homa. Alikuwa akicheka. Kijana wa karibu alimgonga goti, akamwonyesha kwa mkono kitu kwenye picha, mume wangu akajibu kwa mkono, wakacheka wote wawili. Ni muda mrefu sikuwa nimemwona amestarehe namna ile na watu. Nilikaa nyuma yake. Nilitazama kila benchi, kila kona. Sikuona mwanamke, wala mapatano, wala kitu cha kuficha. Nikazidi kuogopa.

Kisha sauti ikafa. Picha iliendelea, watu walikimbia, bunduki zikatoa moshi, midomo ikafunguka, lakini spika zilinyamaza kabisa. Labda waya uliungua. Ukumbi mzima ulilipuka kwa miluzi na kelele, vijana wakapiga mabenchi kwa viatu, wakidai sauti. Mfasiri alisimama na mikrofoni yake iliyokufa, akitukana mashine.

Mume wangu aliendelea kutazama picha na kutabasamu.

Alikuwa mtu pekee asiyegeuka. Kelele za watu zilimpita kama mvua inavyopita juu ya jiwe. Baadaye kidogo tabasamu lilipungua, akatazama kiganja chake juu ya ubao, akakibonyeza, akakihamisha, akakibonyeza tena. Ndipo alipogeuka haraka na kuangalia nyuso za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeamka safarini akijaribu kujua gari limefika wapi. Akaniona.

Nilisema jina lake la nyumbani. Nililisema kwa sauti ya kawaida, katikati ya ile miluzi, na alitazama mdomo wangu.

Mwenye Video alikuwa amekuja na bisibisi. Aliponiona alisimama, akamwekea mume wangu mkono begani, akaniambia nitoke naye nje kabla ya sauti kurudi. Namna alivyosema ilinionyesha kwamba yeye alijua zamani.

Tulikwenda nyuma ya nyumba yetu, penye shina la ndizi, tukakaa juu ya tofali. Kwa mara ya kwanza nilikaa mbele yake, uso kwa uso, wala si kando. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema ilianza baada ya ile malaria iliyomlaza, alipowekewa serumu za kinini mshipani. Masikio yalianza kulia kama nyenje wa jioni. Alingoja nyenje hao wanyamaze, lakini hawakunyamaza, ila vitu vingine vyote ndivyo vilivyonyamaza, polepole: ndege kwanza, kisha watoto wa madawati ya nyuma, kisha mimi.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

«Mwalimu mwenye hasikii, huyo ni mwalimu ya nini?» alisema. «Nikikuambia weye, utaanza kunionea huruma. Utaanza kunisemea mbele ya watu.»

Nikamwuliza, basi Video ilikuwa ya nini, kama mule nako hasikii mfasiri. Alisema ngurumo anaipata kwa mkono, na ni nzuri, lakini si hiyo hasa.

«Mule ndani watu wote hawasikii,» alisema. «Hakuna mwenye ananiuliza kitu na kungojea jibu. Ni pahali moja tu niko kama wengine.»

Nililia, na wakati huo huo nilipumua, kwa sababu hakukuwa na mwanamke. Simu ya kutetemeka, benchi la kanisani, filamu aliyoisimulia kombo, ile «asante» kwa shefu, vyote vilikaa mahali pao. Lakini shaka haikuondoka. Ilihama tu. Kwa nini mwenye Video, yule mfanyabiashara wa dhahabu, alijua kabla yangu? Mume wangu alisema hakumwambia. Siku moja sauti ilikatika kama leo, na mwenye Video, akiwa amesimama mbele, aliona ni nani hakupiga kelele. Tangu siku hiyo alimhifadhia kile kipembe cha benchi. Baadaye nilimwuliza mwenye Video mwenyewe kama alikuwa akiziacha spika juu kwa ajili ya biashara yake au kwa ajili ya mume wangu. Alijibu ni zote mbili. Sikumwamini, na sikupata njia ya kumkatalia.

Asubuhi ya pili yake tulikwenda hospitali. Mganga wa masikio alimwekea kijiti cha chuma kinacholia nyuma ya sikio, akamfunika moja, akamfunika jingine. Alisema mishipa imechoka. Inaweza kuwa kinini, inaweza kuwa homa yenyewe, inaweza kuwa miaka ya watoto kupiga kelele darasani. Hakuna wa kuapa. Ila alimwandikia kwa herufi kubwa, ili ayasome, kwamba kukaa kando ya zile spika kutammalizia kidogo kilichobaki. Mume wangu alisoma, akakunja karatasi. Sikuweza kujua kama alikuwa akiiaga Video au akimpa kisogo mganga.

Shuleni nilimsindikiza. Alimwambia mkuu wa shule mwenyewe, mimi nikiwa kimya pembeni. Mkuu aliinamisha kichwa, kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema kwa muda mrefu walimu walikuwa wakishuku kwamba mume wangu anakunywa. Anaitwa, haitiki, anaulizwa hili, anajibu lile. Mkuu mwenyewe alikuwa amemsogelea mara kadhaa asubuhi ili amnuse. Nilikumbuka jinsi nilivyomnusa mjane. Kwa mtu mmoja asiyesikia, shule ilikuwa imeona pombe, mtaa ukaona rushwa, na mimi nikaona mke wa pili.

Hawakumfukuza. Walimpa darasa dogo la watoto wakubwa, wanaokwenda ubaoni kuandika majibu yao, na mtoto mwenye swali huja kusimama mbele ya uso wake. Kuna wazazi wawili waliowahamisha watoto wao. Wengine walibaki.

Jumatano shefu alikuja kama alivyoahidi, akasimama barazani kwangu mpaka akashindwa kujizuia, akaziba masikio. Akaamuru spika zigeuzwe ziangalie ndani, sauti ishuke, na filamu za bunduki ziondolewe mchana. Sikuomba tena Video ifungwe, lakini sikuitetea pia. Taabu ya Koko ilikuwa pale pale, haijapunguzwa na taabu ya mume wangu. Watu walipokuwa wanatawanyika mume wangu alimfuata shefu, akasimama mbele yake, akamwambia polepole kwamba yeye hasikii tena vizuri, na siku ile uani kwake kuna swali aliloulizwa ambalo halikumfikia. Aliomba aulizwe tena.

Shefu alitutazama sote tuliokuwa karibu. Akasema lilikuwa jambo dogo tu, amelisahau.

Video ilitulia. Sisemi ilinyamaza, kila mwezi sauti inajaribu kupanda kidogo, kama mtu anayesogeza mpaka wa shamba usiku, na kila mwezi binti ya Koko anakwenda kusimama mlangoni bila kusema neno mpaka ishuke. Mume wangu haendi tena. Jumapili alasiri hupitia nje, akapeana mkono na mwenye Video, akarudi.

Tumejifunza kuongea upya. Nakaa mbele yake, mwanga ukiniangukia usoni, nasema bila kupiga kelele. Anasoma midomo. Mwanzoni alisoma yangu tu, sasa anasoma ya watu wengi, hata wa mbali, na mimi sijui anasoma kiasi gani. Kwenye harusi ya majuzi alicheka peke yake katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi. Nilimgusa, nikamwuliza kuna nini. Alisema wanawake wawili wa meza ya ng'ambo, wenye vilemba vya kijani, wanasema gauni la bibi harusi limekaa vibaya mgongoni, na kwamba aliyelishona amezeeka macho. Gauni lile nililishona mimi. Nilikasirika, na nilipowatazama wale wanawake walikuwa wakila wali kwa amani kabisa.

Tangu siku hiyo, nikitaka kumsema kwa rafiki yangu wa samaki, naweka mkono mdomoni. Juzi nilimkalisha mume wangu barazani, nikamwuliza kwa utaratibu kama kweli aliyasoma yale maneno au aliyatunga. Alitazama mdomo wangu kwa makini mpaka nilipomaliza. Halafu akasema samahani, swali halikumfikia vizuri.